Viwavi wa Midimu Yangu

Mume wangu alianguka kutoka juu ya paa la nyumba yetu siku chache kabla masika hayajaanza. Alikuwa anabadilisha makuti upande wa jikoni, mie nikiwa chini namrushia kamba. Nilimwona akikanyaga boriti iliyoliwa na mchwa, na kabla sijafungua mdomo kumwambia, boriti ikakatika. Hakupiga kelele. Alikuja chini mzima mzima, mguu wa kushoto ukiwa umekunjwa chini yake, na sauti ya ule mfupa niliisikia vizuri.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita kuu ya pili. Temeke wakati huo ilikuwa shamba bado. Nyumba zilikuwa moja hapa, moja kule, katikati ya mikorosho na minazi, na njia zote zilikuwa mchanga mtupu. Wanaume wa jirani walimlaza kwenye kitanda cha kamba, wakambeba hivyo hivyo mpaka hospitali ya mjini. Aliporudi alikuja kwa mkokoteni, mguu umefungwa plasta nyeupe ngumu kuanzia pajani mpaka kisiginoni. Daktari alikuwa amemwambia asikanyage chini mpaka siku plasta itakapokatwa, na siku hiyo ilikuwa mbali.

Niseme kidogo tulikuwa watu wa namna gani. Yeye alikuwa mtu wa kusini, wa huko Songea, na kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba. Alikuwa anaondoka alfajiri kwa baiskeli kwenda kupaka nyumba za maofisa upande wa baharini, anarudi magharibi ananuka tapentaini, anakoga, anasali, anakula, analala. Mie ni Mzaramo wa Mbagala. Mjomba wake alikuja kuniposa kwa baba, wakubwa wakaelewana, nikaolewa. Tulikuwa tumekaa miaka mitatu na hatukuwa tumegombana hata mara moja, kwa sababu ili mgombane lazima kwanza mzungumze. Tulipata mtoto mmoja wa kike, akaishi wiki chache tu, tukamzika Mbagala kwa wazee wangu. Baada ya matanga hakuna kati yetu aliyemtaja tena.

Kwa hiyo nilipoambiwa mume wangu atakaa nyumbani mchana kutwa, miezi, nilishikwa na wasiwasi. Nitamwambia nini mtu huyu?

Kitu changu mwenyewe pale nyumbani kilikuwa midimu. Niliipanda kwa mkono wangu mwaka wa kwanza wa ndoa, safu moja kando ya ua upande wa bondeni, mahali penye kivuli cha miti mikubwa. Ilikuwa imeanza kuzaa, na wanawake wa majirani walikuwa wanakuja kwangu kuchukua ndimu za achari. Adui yangu alikuwa viwavi. Wakiingia kwenye mti mchanga, asubuhi moja tu unakuta vijiti vitupu. Kila nikiamka nilikuwa napita na kijiti, nawaangusha, nawakanyaga.

Siku moja niko kwenye kazi hiyo, nikasikia sauti kutoka barazani, alipokuwa ameketi kajiegemeza ukutani.

"Unaua nini hapo?"

"Viwavi."

"Hebu niletee mmoja."

Nilimpelekea mmoja juu ya jani. Alikuwa mdogo bado, ana rangi ya kahawia iliyochanganyika na weupe, kama kinyesi cha ndege kilichodondoka jana. Mume wangu alimtazama akacheka.

"Huyu kajipaka mwenyewe," alisema. "Nani atamla akiwa hivi?"

Akaniomba mwingine, mkubwa. Huyo alikuwa wa kijani kabisa, mnono, na alipomgusa kwa kidole yule kiwavi alitoa nyuma ya kichwa chake pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali ikatoka. Mume wangu akarusha mkono. Mie nikacheka mpaka nikaketi. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza kucheka mbele yake namna ile, mdomo wazi, bila kujifunika kwa kanga.

"Mke wangu," akasema, "nipe mti mmoja."

"Mti gani?"

"Mmoja katika hii midimu yako. Ule wa mwisho. Usiue viwavi wake. Nataka kuona wanakwenda wapi."

Nilimwambia kwamba wanakwenda kwenye mti wa pili, na wa tatu, na kwamba mie sikupanda midimu ili kufuga wadudu. Tukavutana. Ndiyo yalikuwa magomvi yetu ya kwanza, na nayakumbuka kwa raha. Mwisho tulikubaliana: sitampa mti, nitamkatia matawi, na viwavi watakaa ndani ya sanduku, siyo kwenye miti yangu. Alikuwa na sanduku la mbao lililokuwa la kuwekea makopo ya rangi. Akalitoa ubao wa mbele, nikamshonea kipande cha chandarua kikuukuu, na huko ndani tukaweka matawi ndani ya kopo la maji. Kila asubuhi, badala ya kupita na kijiti, nikawa napita na kikapu. Wale niliokuwa nawakanyaga sasa nilikuwa nawapelekea mgonjwa wangu.

Viwavi walikula, wakanenepa, wakajifunga kwenye vijiti kwa uzi mwembamba, wakageuka vifuko vya kijani ambavyo ukitazama haraka unaapa ni jani. Halafu asubuhi moja aliniita kwa sauti kubwa nikadhani ameanguka tena. Kipepeo alikuwa ametoka. Alikuwa mkubwa, wa manjano iliyopauka kama siagi, kingo nyeusi, na nyuma ya mabawa ana mikia miwili. Mume wangu alimshika polepole, unga wa manjano ukabaki kwenye vidole vyake. Akausugua kati ya kidole na kidole.

"Rangi kavu," alisema. "Haina mafuta. Na haikwajuki."

Siku hiyo alizungumzia rangi ile mpaka jioni. Nilikuwa namenya muhogo, namsikiliza. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na maneno mengi hivyo juu ya manjano.

Akatoka wa pili, wa manjano tena. Halafu akatoka mmoja ambaye hakuwa wa manjano hata kidogo. Mabawa yake yalikuwa ya rangi ya chungwa, ncha nyeusi zenye madoa meupe, na hakuwa na mikia. Nilimjua mara moja. Alikuwa kama wale wanaoruka taratibu kwenye yale magugu yenye utomvu mweupe, njia ya kisimani, ambao tulikuwa tunawaona kila siku.

"Umeingiza kiwavi wa magugu," nilimwambia.

"Nimeingizaje? Mie hata kusimama siwezi. Viwavi wote umeleta wewe."

"Mie nimeleta wa kwenye midimu tu."

"Basi."

"Basi nini? Mdimu mmoja hauzai ndimu na machungwa."

Tulikuwa bado hatujamaliza ubishi huo alipotoka mwingine, mweusi mwenye mabaka makubwa meupe, naye hana mikia. Hapo nikaamini kabisa kwamba mume wangu ananifanyia mchezo. Nilifikiri anawatuma watoto wa jirani wamletee vipepeo, anawatia humo nikiwa kisimani, apate kunicheka. Yeye naye, aliniambia baadaye, alikuwa anadhani mie ndiye ninayemchezea kwa sababu hawezi kunikimbiza.

Nikaamua kujua ukweli. Nilikwenda mwenyewe kwenye midimu, nikatafuta viwavi wakubwa wa kijani, wanaofanana kabisa, nikawaweka ndani ya tenga langu la kubebea ndimu. Juu nikafunika kwa kitambaa chepesi, nikakifunga kwa kamba pande zote. Tenga nikaliweka chumbani chini ya kitanda, upande wangu. Sikumwonyesha. Majani nilikuwa nabadilisha mwenyewe yeye akiwa barazani.

Walipotoka, mmoja alikuwa wa manjano mwenye mikia. Mmoja alikuwa mweusi na mweupe. Mmoja alikuwa wa chungwa.

Nilibeba tenga mpaka barazani, nikaliweka mapajani mwake juu ya ile plasta.

"Hukunichezea," nilisema.

Alitazama ndani, akanitazama mie. "Kwa hiyo umewafuga chini ya kitanda? Tumelala juu yao siku zote hizi?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka akashika mguu kwa maumivu.

Jibu la swali letu lilikuja lenyewe muda si mrefu baada ya hapo. Yule mweusi na mweupe tulikuwa tumemweka kwenye sanduku la chandarua ili mume wangu amtazame vizuri. Jua lilipopanda, vipepeo wa manjano walianza kuja kutoka bondeni, mmoja, halafu mwingine, wanapita juu ya ua, wanazunguka sanduku, wanagonga chandarua. Hawakutaka maua, hawakutaka kitu kingine. Mume wangu akafungua mlango wa sanduku. Yule mweusi wa mabaka meupe akatoka, akaruka mpaka kwenye mdimu wa karibu, na mmoja wa manjano akamfuata. Alikuwa anaruka juu yake na mbele yake, mabawa yanatetemeka upesi upesi, mwenzake akisogea kidogo naye anasogea, akitua naye anabaki hewani palepale. Yule jike mara ya kwanza alimkataa. Aliinua tumbo juu na kuyalaza mabawa, akahama jani. Dume akaanza upya. Ilichukua muda. Mwisho wakatulia juu ya jani moja, nyuma kwa nyuma, yule wa manjano na yule asiyefanana naye hata kidogo, na sie tukajikunyata kama watu wawili wanaochungulia mahali wasipotakiwa.

"Ni mume na mke," alisema kwa sauti ndogo. "Wote wa manjano ni madume. Hawa wengine wote ni majike. Mwanamume ana nguo moja tu, mwanamke ana kanga anuwai."

"Huyo dume amehangaika kweli," nilisema.

"Amehangaika."

"Wewe hukuhangaika. Ulimtuma mjomba wako."

Sijui maneno hayo yalinitokaje. Nilishika kikapu nikataka kuondoka. Akanishika kanga.

"Nani kakwambia sikuhangaika? Mjomba alinikataza kuja mwenyewe, alisema nitaonekana sina adabu. Lakini nilipita njia ya kwenu kwa baiskeli. Ulikuwa kisimani. Nikapita, nikageuza, nikapita tena."

"Mbona sikukuona?"

"Hukuinua kichwa."

"Na ningeinua?"

"Ningeanguka na baiskeli."

Nilikwenda jikoni. Moto ulikuwa umezimika na sikuuwasha haraka. Miaka mitatu nilikuwa nadhani nilichaguliwa na mjomba wa mtu.

Tangu siku ile mambo yalibadilika, siyo kwa kishindo. Alianza kuniuliza vitu. Kwa nini ulipanda midimu? Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaogopa nini? Mie nami nikaanza kuketi barazani nikifanya kazi zangu, badala ya uani. Aliniomba nimtolee makopo yake yenye mabaki ya rangi, akawa anachanganya kidogo kidogo juu ya kipande cha ubao, anatafuta ile manjano ya kipepeo. Nyeupe nyingi, manjano tone, na kahawia kidogo sana. Alipoipata alinitaka nimng'olee madirisha yetu mawili, akayapaka akiwa ameketi palepale mkekani, mguu umenyooka. Nyumba yetu ya udongo ikawa na madirisha ambayo hata maofisa hawakuwa nayo.

Mambo ya rangi ya chungwa yalimsumbua zaidi. Kwa nini jike yule afanane na kipepeo wa magugu, ambaye si ndugu yake? Kuku wangu ndiye aliyetusaidia. Nilikuwa na tembe mmoja mlafi, alikuwa anakula kila kinachoruka. Siku moja nilimrushia kipepeo wa magugu, yule wa kweli. Tembe akamdaka, akatikisa kichwa, akamtema, akapangusa mdomo mchangani upande huu na upande huu kama mtu aliyelamba shubiri. Baadaye mmoja wetu wa chungwa, wa kwenye sanduku, alitoka vibaya, bawa moja limekunjika, akawa anatambaa uani. Tembe alikuja mbio, akafika, akanyoosha shingo, akamtazama. Akaondoka zake.

"Umeona?" mume wangu alipiga kelele. "Umeona? Kadhani ni yule mchungu!"

"Sasa kama ni kinga, kwa nini na dume asivae hivyo?" nilimuuliza.

Akafikiri. Mie nikampa jibu la kwangu, nusu mzaha. "Labda akibadili nguo mke wake atamkataa. Hatamjua."

"Inawezekana," alisema. Alilitia jambo hilo maanani hasa, akalirudia kwa kila mgeni aliyekuja kumjulia hali, na kila mara alikuwa anasema, "Hayo kayasema mke wangu." Wageni walikuwa wananitazama. Mie natazama chini, lakini nilikuwa nasikia raha.

Plasta ilikatwa wakati mvua zimekwisha. Mguu ulitoka mwembamba, ngozi imepauka, na ulikuwa mfupi kidogo kuliko mwenzake. Akaanza kutembea kwa fimbo, kwanza mpaka kwenye midimu, halafu mpaka kisimani. Rafiki yake wa kazini, mtu wa Kisarawe, alikuwa amemwambia kwamba katika msitu wa Pugu vipepeo weusi wenye mabaka meupe wamejaa, wanaruka polepole bila kuogopa chochote. Mume wangu akataka kwenda kuwaona. Alidhani hao ndio wachungu ambao majike wetu weusi wanawaiga, kama wale wa chungwa wanavyowaiga wa magugu.

"Nenda," nilimwambia. "Nitakufungia chakula."

"Twende wote."

Nilikuwa sijawahi kwenda mahali na mume wangu, watu wawili tu, bila msiba wala harusi. Nilivaa doti mpya. Jirani alimpakia kwenye baiskeli mpaka stesheni ya mjini, mie nikatembea nyuma, tukapanda treni ya asubuhi, tukashuka Pugu. Tulikwenda pole pole kwa ajili ya mguu. Ndani ya msitu kulikuwa na ubaridi na harufu ya majani yaliyooza, na kweli walikuwepo. Walikuwa wanaelea kwenye vipande vya jua, weusi, weupe, wavivu kabisa. Mume wangu alikuwa anazunguka na fimbo yake, shingo juu. Nikamwonyesha mmoja aliyetua chini kwenye jani la mdimu-mwitu, anapinda tumbo anataga. Wale wachungu wa msituni hawatagi kwenye midimu.

"Huyu ni wetu," nilimwambia.

"Ni wetu. Umemjuaje?"

"Nimemwona anavyotaga."

Tuliketi kwenye gogo tukala mihogo na samaki wa kukaanga. Alikula kidogo. Alikuwa anachora mchangani kwa ncha ya fimbo, halafu akasema, bila kuinua uso:

"Angekuwa anatembea sasa."

Nilijua anamsema nani. Nikaweka chakula chini.

"Angekuwa anakimbia," nilisema.

"Nilikuwa nataka kukuuliza kama unamkumbuka. Nikaona nitakuumiza."

"Mie nilidhani wewe umemsahau."

"Nilipaka nyumba nzima ya watu wiki ile, ndani na nje," alisema. "Siwezi kukuambia ilikuwa rangi gani."

Nililia pale kwenye gogo, na yeye alilia, mtu mzima, machozi yanamwingia kwenye ndevu. Hakuna aliyetuona. Tulimzungumzia mtoto wetu, alivyokuwa anakunja ngumi akinyonya, na jinsi alivyokuwa anapiga chafya mbili mbili. Yeye alikumbuka chafya, mie nilikuwa nimezisahau. Mchana ukapita hivyo. Tukakaribia kuachwa na treni.

Siku ya pili jirani yangu, bibi mmoja mjane aliyekuwa ananipenda sana, alikuja kuchukua ndimu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nasikia jana mlikuwa Pugu. Mlifuata nini?"

"Tulikwenda kutazama vipepeo."

Alinisogelea, akanong'ona. "Usinifiche. Mganga wa Pugu kasema nini?"

Niliapa hakuna mganga, hakuamini. Na mwaka uliofuata nilipojifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alitembea nyumba hata nyumba akiusifu msitu wa Pugu, na wanawake wawili watatu wakapanda treni kwenda kumtafuta mganga huyo.

Mume wangu hakupanda ngazi tena. Alirudi kwenye rangi, lakini alikuwa anapaka milango, madirisha na mbao za maduka, kazi ambazo mtu anafanya akiwa chini. Alikuwa anachelewa kuondoka asubuhi na anawahi kurudi. Tulizaa wengine wanne. Mji ukaja mpaka kwetu, viwanja vikapimwa, barabara ikapita palepale palipokuwa na midimu, na miti mikubwa ya bondeni ikakatwa. Baada ya hapo wale wa manjano wenye mikia hawakuja tena. Wale wa chungwa wa magugu bado wapo, hata leo nawaona kwenye viwanja vitupu, lakini ni wa kweli, wale wachungu.

Wajukuu wananiuliza maisha ya Temeke ya zamani yalikuwaje. Nawaambia habari za kisima, za mchanga, za fisi aliyekuwa akilia upande wa Mbagala. Miezi ile ya plasta huwa siwaelezi vizuri. Nikianza nakuwa namsikia akiniita kutoka barazani, nije upesi, kuna mmoja anatoka, na nakumbuka nilivyokuwa naacha chungu jikoni na mikono yangu ina unga, nakwenda.